Ubora wa mradi hatua kwa hatua: maneno ya msingi na zana zake, kwa mfano wa ujenzi wa darasa

Fedha za madarasa zikiingia kwenye akaunti ya shule, kila mtu huanza kuhesabu siku. Diwani anauliza wanafunzi wataingia lini, halmashauri inataka picha za maendeleo, fundi anataka malipo ya awali. Swali la ubora huachwa hadi boma limesimama, na wakati huo kilichoharibika kimeshafukiwa chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, au kimefungwa ndani ya linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na hakuna mwenye ubavu wa kuagiza kibomolewe.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu, mjumbe wa kamati ya ujenzi, au kijana aliyetoka chuo akakabidhiwa mradi wake wa kwanza. Nimechagua darasa linalojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti nchini Tanzania, yaani shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ufundi peke yake. Huko hakuna mkandarasi wa kutupiwa lawama. Msimamizi wa ubora ni ninyi. Anayejenga zahanati, kisima au nyumba yake mwenyewe atabadilisha vifaa, hatua zitabaki hizihizi.

Maneno ya kuelewana kabla ya kuanza

Ubora, kwa maana inayotumika katika viwango vya ISO 9000, ni kadiri ambavyo sifa za kitu zinakidhi mahitaji. Maana hiyo ni kavu, lakini inakata mzizi wa ugomvi mwingi wa saiti. Kama mahitaji hayakuandikwa, fundi anaposema kazi ni nzuri na mwalimu anaposema ni mbovu, wote wawili wanatoa maoni tu, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Daraja si ubora. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, kwa hiyo daraja lake liko chini. Lakini kama ramani inataka geji 30 na bati limekuja bila tundu wala mkunjo, limekidhi. Bati la geji 28 lililoanza kutu dukani lina daraja la juu na ubora wa chini. Kuchagua daraja dogo kwa sababu ya bajeti ni uamuzi halali. Kupokea kisichokidhi daraja lililochaguliwa ni kushindwa kusimamia.

Uhakikisho wa ubora na udhibiti wa ubora watu huvichanganya kila siku, hata kwenye mitihani. Uhakikisho unaangalia njia: je, tunachanganya zege kama tulivyokubaliana, boksi la kipimo lipo, anayehesabu maji yupo? Udhibiti unaangalia matokeo: zege hili lililokwisha kumwagwa lina nguvu kiasi gani? Taasisi ya PMI ya Marekani, ambayo mwongozo wake wa usimamizi wa miradi hufundishwa vyuo vingi, katika toleo la 2017 ililiita eneo la uhakikisho "kusimamia ubora". Jina limebadilika, kazi ni ileile. Kwa saiti ya shule ninashauri nguvu nyingi ziende kwenye uhakikisho, kwa sababu majibu ya udhibiti wa zege huja baada ya siku 28 na ukuta hausubiri.

Yako pia maneno mawili ambayo yanafanana mpaka yanaponza: usahihi na uthabiti. Futi iliyokatika sentimita 2 za mwanzo itakupa jibu lilelile kila ukipima. Hiyo ni thabiti sana, na si sahihi hata mara moja. Ndiyo maana siku ya kwanza linganisheni futi zote za saiti, ya fundi, ya seremala na ya kamati, juu ya ukuta mmoja. Isiyokubaliana na wenzake itoke.

Hatua ya kwanza: geuza ramani iwe masharti yanayopimika

Chukua ramani na lile jedwali la kazi na vifaa ambalo watu huliita BOQ, kaa na mhandisi wa halmashauri, andikeni ukurasa mmoja wa vigezo vya kukubali kazi. Kila kigezo kiwe na namba, kipimo, na jibu la ndiyo au hapana.

"Chumba kiwe mraba vizuri" haipimiki. Andika hivi: chumba cha mita 8 kwa 6, mishazari yote miwili (kona hadi kona ya mkabala) iwe mita 10, tofauti isizidi milimita 10. Sasa mtu yeyote mwenye futi ndefu anaweza kukagua, hata mjumbe ambaye kazi yake ni kuuza samaki. Ile tofauti ya milimita 10 ndiyo mwachano unaoruhusiwa. Uandike mapema, kwa sababu hakuna fundi duniani anayejenga bila kukosea hata milimita, na usipotaja kikomo mtakuwa mnakibuni papo hapo kila mnapogombana.

Fanya hivyo kwa wima wa ukuta kwa timazi, unene wa jamvi, daraja la zege la linta na nguzo, nafasi kati ya ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo), urefu wa nondo zinapopandana, na umbali wa nondo kutoka uso wa zege. Usiandike vigezo hamsini. Ukurasa mmoja uliobandikwa kwenye mlango wa stoo unasomwa, kitabu kinafungiwa kabatini.

Hatua ya pili: weka vituo vya kusimama

Kituo cha kusimama ni mahali ambapo kazi haiendelei mpaka mtu aliyetajwa aje, akague, aweke saini. Kanuni ya kuvichagua ni rahisi: kinachokwenda kufunikwa ndicho kinachokaguliwa kwanza. Kwa darasa vinatosha vinne. Mtaro wa msingi kabla ya zege la chini. Kifusi kilichoshindiliwa, dawa ya mchwa na nailoni kabla ya jamvi. Nondo na mbao za fomu kabla ya kumwaga linta. Kenchi, yaani fremu za paa, kabla ya kupandisha bati.

Andika jina la mwenye saini kwa kila kituo, na la msaidizi wake akisafiri. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika: mhandisi ana shule kumi na mbili na gari moja, fundi anasubiri siku mbili, siku ya tatu anamwaga zege. Nampa haki fundi. Vibarua wake wanakula kila siku. Kwa hiyo pangeni tangu mwanzo kwamba mhandisi apewe taarifa siku tatu kabla, na asipofika, nani anaweza kukagua kwa orodha na kumtumia picha zenye futi ikionekana juu ya nondo. Picha ya ukuta kwa mbali haimsaidii mtu.

Jambo hili liingie kwenye mkataba wa ufundi: zege lililomwagwa bila saini ya kituo halilipwi mpaka lithibitishwe. Likiwa kwenye mkataba, mwenyekiti wa kamati hana haja ya kupandisha sauti. Anasema tu, "Fundi, tusimame hapa kidogo, karatasi bado," na mazungumzo yanaishia hapo.

Hatua ya tatu: tenga fedha za ubora

Gharama ya ubora hugawanywa mafungu manne. Kinga: mafunzo ya nusu siku kwa vibarua, boksi la kipimo, maturubai, mtu wa kumwagilia. Upimaji: maabara, nauli ya mhandisi, koni ya kupimia zege. Hasara za ndani, yaani kasoro iliyogunduliwa kabla ya makabidhiano, ikabomolewa na kurudiwa. Na hasara za nje, kasoro inayojitokeza watu wakiwa ndani. Fungu hili la mwisho halina dari. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Hakuna jedwali la gharama linaloweza kuandika hasara ya namna hiyo.

Mafungu mawili ya kwanza mnayachagua, mawili ya mwisho yanawachagua ninyi. Lakini kwenye makadirio mengi ya shule, mfuko wa mwisho wa saruji umehesabiwa na malipo ya mtu wa kumwagilia zege kwa wiki moja hayamo. Yaingizeni, kwa mstari wake na jina lake. Kifungu cha "mengineyo" huliwa na mafuta ya pikipiki.

Hatua ya nne: kagua vifaa vikiwa bado kwenye gari

Kamati ya mapokezi ipo kwa kazi hii, si kwa kusaini hati ya mzigo uliokwisha kushushwa. Kifaa kikishashuka na gari likaondoka, kukirudisha kunageuka kesi.

Saruji: soma mfuko. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu ya chini inayotakiwa kufikiwa siku ya 28, kwa megapaskali, yaani nyutoni kwa milimita ya mraba. Angalia alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), shika mfuko pembeni uone kama kuna mabonge magumu. Stoo iwe na mbao chini, mifuko isiguse ukuta, isipangwe zaidi ya kumi kwenda juu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Nondo zinastahili muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo udanganyifu ulipo na ndipo unapogundulika kirahisi. Uzito wa nondo kwa mita, kwa kilo, ni kipenyo kwa milimita kikizidishwa kwa chenyewe na kugawanywa kwa 162. Nondo ya milimita 12 ni 144 gawanya kwa 162, yaani kilo 0.89 kwa mita. Ikiwa na urefu wa mita 12, inakaribia kilo 10.7. Sasa chukua ile inayouzwa kwa jina la 12 huku kipenyo chake halisi ni 11. Hiyo ina kilo 9 hivi kwa urefu uleule. Kwa macho hutaona tofauti ya milimita moja, na fundi mzoefu haoni pia. Mzani unaona, na linta imepoteza asilimia 16 ya chuma. Azimeni mzani wa kituo cha mazao, pimeni urefu kwanza, kisha pimeni uzito wa nondo tatu zilizochaguliwa bila mpangilio kutoka kila fungu. Zipo tofauti ndogo ambazo kiwango kinaziruhusu, kwa hiyo usirudishe gari kwa gramu chache. Upungufu wa kilo nzima na nusu ni habari nyingine.

Mchanga: jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, acha itulie saa kadhaa. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka tofauti. Vitabu vingi vya ujenzi huweka ukomo wa asilimia 6 hadi 8 ya kimo cha mchanga, kwa hiyo penye mchanga wa sentimita 10 tope lisizidi milimita 8. Likizidi, mchanga urudishwe au uoshwe.

Kokoto, mbao na mabati vikaguliwe kwa orodha ileile ya ukurasa mmoja. Mbao zilizotiwa dawa, kata kipande uone dawa imeingia ndani au imepakwa juu.

Hatua ya tano: simamia zege siku yenyewe

Uwiano kwanza. Mafundi wengi hupima mchanga kwa toroli au kwa koleo, na toroli moja hujazwa kwa namna tofauti asubuhi na saa tisa mchana. Tengenezeni boksi la mbao lenye vipimo vya ndani vya sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50. Zege la 1:2:4 linakuwa mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto, yote yamekatwa usawa kwa ubao. Linta na nguzo zinazotakiwa zege la daraja 25 huchanganywa tajiri zaidi, kwa kawaida 1:1.5:3, lakini mhandisi ndiye anayesema.

Maji ndiyo adui anayependwa. Zege likiwa na maji mengi linateleza vizuri, vibarua wanafurahi, na nguvu inashuka, kwa sababu maji yasiyotumiwa na saruji yakikauka yanaacha vitundu. Kwa uwiano wa nusu kwa uzito, mfuko wa kilo 50 unahitaji lita 25, yaani dumu la lita 20 na robo yake. Mchanga ukiwa umenyeshewa, punguza. Na zege lililokaa zaidi ya saa moja likaanza kuganda lisirudishiwe maji "kulifufua". Litupwe, au litumike mahali pasipobeba mzigo.

Kujua kama maji yamezidi, tumia koni. Ni chombo cha chuma chenye kimo cha milimita 300, chini upana wa 200, juu 100. Fundi wa kuchomelea wa mjini anaweza kukitengeneza kama ukimpa vipimo. Kilowanishe, kiweke kwenye bati tambarare, kijaze kwa matabaka matatu, kila tabaka ulichome mara 25 kwa fimbo ya chuma ya milimita 16. Sawazisha juu, kisha kinyanyue wima kwa sekunde tano hadi kumi bila kukizungusha. Zege litashuka. Pima limeshuka kiasi gani kutoka kimo cha koni. Tuseme mhandisi ameandika kwamba kwa linta mshuko uwe kati ya milimita 50 na 100. Likishuka 140, usilimwage. Mchanganyiko unaofuata upunguzwe maji, na aliyekuwa kwenye dumu aelezwe kwa nini.

Halafu tengeneza vipande vya majaribio: miche ya zege ya milimita 150 kila upande, ijazwe kwa matabaka na kushindiliwa, ikae kwenye kalibu siku moja, kisha itumbukizwe kwenye maji mpaka siku ya kupelekwa maabara. Andika tarehe na sehemu zege lilikotumika juu ya kila kipande, la sivyo mtakuwa na jibu lisilo na swali. Baadhi ivunjwe siku ya 7, mingine siku ya 28. Maabara itakupa mzigo uliovunja kipande. Gawanya kwa eneo la uso, milimita za mraba 22,500. Mzigo wa kilonyutoni 450 ni sawa na nyutoni 20 kwa milimita ya mraba, na kama mlitaka 25, mmekosa. Siku ya 7 tegemea takriban theluthi mbili ya nguvu ya mwisho, kwa hiyo ukipata 11 wakati unatafuta 25, usingoje siku ya 28 ndipo ushtuke. Simamisheni mzigo juu ya sehemu hiyo na muiteni mhandisi.

Kisha kumwagilia. Siku saba mfululizo, jamvi likifunikwa kwa magunia au mchanga unaoloweshwa asubuhi, mchana na jioni. Sipendi kusikia kwamba mvua itasaidia. Mvua haina zamu.

Hatua ya sita: soma namba zako kwa chati

Walter Shewhart, aliyefanya kazi kwenye maabara za simu za Bell huko Marekani, alichora chati ya kwanza ya udhibiti mwaka 1924. Alikuwa anatafuta jibu la swali ambalo kila msimamizi analo: matokeo yakipanda na kushuka, lini ni kawaida na lini kuna kitu kimebadilika? Tofauti za kawaida haziishi, zimo kwenye mchakato. Tofauti za sababu maalumu zina chanzo unachoweza kukitafuta na kukitoa: kokoto za gari jipya, kibarua mgeni, boksi lililopasuka.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mshuko wa zege kwa michanganyiko minane umekuwa 70, 80, 75, 65, 85, 75, 70 na 80. Wastani ni 75. Tafuta tofauti kati ya kila namba na inayoifuata: 10, 5, 10, 20, 10, 5, 10. Wastani wake ni 10. Zidisha kwa 2.66, ambayo ni namba maalumu kwa chati ya aina hii, upate 26.6. Mpaka wa juu ni 101.6, wa chini ni 48.4. Chora mistari mitatu kwenye karatasi ya miraba, weka nukta zako, bandika stooni. Nukta ikitoka nje ya mipaka, simama utafute sababu. Nukta nane mfululizo zikikaa upande mmoja wa wastani, hata kama zote zimo ndani, kuna kilichohama pia. Namba nane ni chache kwa kuweka mipaka ya kudumu. Zikifika ishirini, ikokotoe upya.

Sasa tazama vizuri. Mipaka ya chati ni 48 na 102, na masharti ya mhandisi ni 50 na 100. Zege hili limetulia, hakuna nukta iliyokimbia, lakini mchakato wenyewe ni mpana kuliko masharti. Siku moja litatoka nje bila mtu yeyote kukosea. Ukimkaripia kibarua siku hiyo utakuwa umemwonea. Dawa ni kubana mchakato, kwa mfano kupima maji kwa ndoo yenye alama badala ya dumu la kukadiria. Mipaka ya chati inatoka kwenye kazi yenu, masharti yanatoka kwa mteja, na anayevichanganya viwili hivi atashughulikia tatizo ambalo halipo huku lililopo likikomaa.

Hatua ya saba: kasoro ikitokea, tafuta chanzo kabla ya mkosaji

Andika kwanza. Karatasi ya kutokidhi iwe na mistari minne: nini kimeonekana, wapi, kigezo gani kimevunjwa, na uamuzi ni upi. Uamuzi ni mmoja kati ya vinne: kurudia, kurekebisha, kukubali kwa kibali cha mhandisi, au kutupa. "Tutaangalia" si uamuzi.

Kasoro zikiwa nyingi, zipange kwa chati ya Pareto. Jina ni la Mtaliano Vilfredo Pareto, aliyeona sehemu kubwa ya ardhi ya Italia iko mikononi mwa watu wachache. Aliyelihamishia wazo hilo kwenye ubora ni Joseph Juran. Tuseme ukaguzi umepata kasoro 50: nyufa za sakafu 23, lipu inayolia uwazi ukiigonga 14, fremu za milango 6, rangi 4, madirisha 3. Aina mbili za kwanza zimebeba 37, asilimia 74. Anza hapo. Ila hesabu ya idadi inaweza kukudanganya: ufa mmoja wa linta ni mzito kuliko madoa yote ya rangi, kwa hiyo chora Pareto ya pili kwa gharama au kwa hatari.

Kwa nyufa za sakafu, chora mchoro wa mfupa wa samaki, zana iliyosambazwa na Kaoru Ishikawa wa Japani. Kichwa cha samaki ni tatizo, mifupa mikubwa ni watu, vifaa, zana, njia, upimaji na mazingira. Fanyeni pamoja na fundi na saidia fundi mmoja, siyo kamati peke yake chini ya mwembe. Mmoja atasema mchanga una tope, mwingine kifusi hakikushindiliwa kwa matabaka, mwingine jua la saa nane, mwingine jamvi lote limemwagwa bila viungo. Yaandikeni yote bila kubishana, kisha weka alama kwenye yale mnayoweza kuyathibitisha kwa daftari la saiti.

Chukua lenye alama, uliza "kwa nini" mpaka usiwe na pa kwenda. Toyota waliifanya desturi hii ijulikane kwa maswali matano, ingawa namba si sheria. Kwa nini sakafu imepasuka? Imekauka haraka. Kwa nini? Haikumwagiliwa baada ya siku ya pili. Kwa nini? Vibarua waliondoka Ijumaa. Kwa nini hakubaki mmoja? Hakukuwa na malipo ya Jumamosi na Jumapili. Kwa nini? Kumwagilia hakukuwemo kwenye makadirio. Umeanza kwenye ufa, umeishia ofisini kwa aliyeandika bajeti, na pengine huyo ni wewe.

Ukishapata chanzo, usibadilishe kila kitu siku moja. Fuata mzunguko uliotangazwa na W. Edwards Deming, ambaye mwaka 1950 aliwafundisha wahandisi na wakurugenzi wa Japani: panga badiliko moja, lijaribu kwenye chumba kimoja, pima, ndipo ulipitishe kwa vyumba vyote au ulitupe. Kuziba ufa kwa saruji ni marekebisho ya kasoro. Kuweka mtu wa kumwagilia mwishoni mwa wiki ni hatua inayozuia ufa mwingine. Taarifa nyingi za miradi huandika la kwanza chini ya kichwa cha la pili.

Hatua ya nane: makabidhiano na uangalizi

Kagueni chumba kwa chumba mkiwa na ule ukurasa wa vigezo, fungua na funga kila mlango, gonga lipu kwa sarafu, mwaga ndoo ya maji sakafuni uone inaelekea wapi. Kila kasoro ipate namba, mwenye kuirekebisha na tarehe. Faili la mradi liwe na saini za vituo vinne, majibu ya maabara, hati za mapokezi, chati na karatasi za kutokidhi, nakala moja ibaki shuleni na nyingine kwa mhandisi, kwa sababu walimu wakuu huhamishwa.

Mkataba wa ufundi uweke sehemu ya malipo inayoshikiliwa hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe. Miezi sita hadi kumi na miwili ni ya kawaida, na ukiweza kupanga, hakikisha ndani yake imo angalau masika moja kamili. Paa linalovuja halijulikani Agosti. Mwezi mmoja kabla ya kipindi kuisha, mwandikie fundi barua ya kumwalika kwenye ukaguzi wa mwisho, pitieni orodha pamoja, na fedha iliyoshikiliwa itoke siku hiyohiyo kama kazi imekubalika. Ikicheleweshwa bila sababu, fundi mzuri hatarudi kwenye mradi wenu unaofuata.